Simu ya Mama Chapuchapu

Mama Chapuchapu alikuwa ametabasamu ukutani, simu mkononi. Hakuwa mtu wa kweli. Walimbuni pale ofisini ili kila anayetengeneza programu ya kliniki ajue anamtengenezea nani: mama wa miaka thelathini, mwepesi, simu haimtoki mkononi. Binti mbunifu ndiye aliyemchora, tena kwa mapenzi. Leo alitamani kumbandua.

"Ujumbe wa kukumbusha sindano ya uzazi wa mpango uanze kesho," meneja alisema. "Chapuchapu atafurahi."

"Na ukisomwa na mume?" mbunifu aliuliza.

"Kwani Chapuchapu anashea simu?" Miwani, mwandishi wa programu, alidakia. "Umemzaa mwenyewe, umeshamsahau?"

Wakacheka. Naye akacheka, meno tu. Dada yake alikuwa akichomwa sindano hiyo kwa siri, na namba aliyoiacha kliniki ni ya simu inayokaa mfukoni mwa mumewe. Shemeji alitaka mtoto wa nne, na hilo alilisema kwa kugonga meza.

"Basi tumbuni mwingine, asiye na simu yake," mbunifu alisema.

"Sawa, lakini tulikubaliana kila mtu wa kubuni atokane na mtu wa kweli tuliyemhoji," meneja alisema kwa upole. "Wewe umemhoji nani?"

Akimtaja dada, siri ataitoboa yeye. Akinyamaza, kesho itatobolewa na programu.

Akavuta simu ya mezani, akafungua spika, akapiga namba ile ya dada. "Msiniulize ni nani. Sikilizeni tu."

"Nani?" sauti nzito iliuliza.

Alibana pua. "Naomba kuongea na mama."

"Mama gani? Simu hii ni yangu. Sema, nitamfikishia."

Akakata. Miwani alivua miwani yake, akaifuta bila sababu.

"Weka swali kwenye programu, pale mapokezi ya kliniki," meneja alimwambia Miwani. "Mama asiposema mwenyewe kwamba atumiwe, hatumiwi kitu."

Mbunifu hakupata hata nafasi ya kushusha pumzi. Simu ya mezani ililia. Meneja akaipokea, spika ikiwa bado wazi.

"Samahani, tumekosea namba."

"Hamjakosea. Huyo binti ni shemeji yangu, sauti yake naijua. Mpe."

Macho yote yakamgeukia. Akasogea mezani.

"Shikamoo, shemeji. Nilikuwa nawatania."

"Marahaba. Utani gani huo wa kubana pua?"

"Wa kwetu sisi. Nilitaka kumsalimu dada."

Wakamsikia akimwita mkewe, na kandambili zikiburuzwa sakafuni.

"Haya, ongeeni," shemeji alisema. "Nami nipo hapa, nasikiliza."

"Haloo?" Sauti ya dada ilikuwa ndogo.

Mbunifu alikuwa na neno moja tu la kumpa: usiogope, kesho ujumbe hautumwi. Lilimjaa mdomoni.

"Dada, hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Watoto?"

"Wazima."

Wakaendelea hivyo, wakiulizana habari za kila mtu nyumbani, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kukata, shemeji asije akaanza kuuliza.