Fomu ya Kumrudisha Godson

...na anakula, jamani, ananyonya vidole vya mafuta, chipsi zinanuka siki mpaka huku juu kwenye upepo, kaka yake wa tumbo moja yuko kwenye friji la mochwari siku ya kumi na mbili na yeye anakula, "Karibu chipsi, shemeji," sitaki, nimeshiba, nimeshiba kukutazama, Mungu nisamehe, na mimi ndiye niliyemwita, nani mwingine, mjane hasafirishi mume peke yake kama mzigo wa mitumba, lazima mwanamume wa ukoo aje kumchukua, basi kaja, Godlisten, kaja na orodha, Big Ben, ikulu ya mfalme, lile gurudumu la mtoni, "nikirudi Machame sijauona mji watanicheka," ndiyo tuko juu ya basi la watalii lisilo na paa, na saa tisa tuna miadi Kilburn kwa watu wa mazishi, nisaini fomu, Godson aruke kesho... huyu Ian wa maikrofoni anasema hapa ndipo walipokatwa watu vichwa, anatania, basi zima kwikwikwi, na Godlisten naye anacheka, Kiingereza chenyewe hakijamwingia, anacheka kwa kuwa wenzake wanacheka... miaka kumi na sita Godson hakupanda mabasi haya, "ya wageni hayo, Haika, sisi wenyeji," alisema akitoka shift macho mekundu, mwenyeji kwa lipi, kwa Irene, kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda makaburini, akapangusa kile kijiwe cha kaburi lake kwa leso, siku nne aliishi mtoto wetu, siku nne tu, na baba yake akawa anamsimulia matokeo ya mpira... "Nimeongea na wazee," anasema, mdomo umejaa, "kaburi tayari, kihambani, shamba letu la ukoo, kwenye migomba, ubavuni mwa baba, hata tiles zimefika," vizuri, nasema, na Irene je, sijui limenitokaje, "Irene gani?" mtoto wetu, Godlisten, "Aaa, kile kichanga," anachagua chipsi ndefu, "kichanga hakihesabiwi, shemeji, wazee hata hawakukitaja, si kibaki tu huku"... kibaki, mwanangu, kibaki, kama mwavuli uliosahauliwa kwenye treni, na ninayemchukia zaidi ni mimi, siku kumi na mbili kwenye simu ndiyo baba, ndiyo mama, sawa, sikumtaja hata mara moja, nilikuwa naondoka na baba yake namwacha peke yake kwenye mvua hii, nani angepangusa, nani angemwambia nani kafunga goli... hapana, sisaini, fomu ina jina langu mimi mkewe, si la wazee, mama mkwe atalia, ukoo utanilaani, kaburi lao walifukie wapande migomba, Godson anabaki na mwanawe, hapana, mbona neno lenyewe jepesi hivi... daraja linatokea, Ian anapaza sauti, Godlisten anajifuta vidole kwenye kiti na kunipa simu, "Nipige picha moja, shemeji, daraja lionekane lote," nampiga, nampiga tena, sogea kushoto kidogo, namwambia, inua kidevu, itoke nzuri, maana ndiyo pekee atakayorudi nayo.