Ute wa Kambare

Sarah alikuwa akipepeta mchele, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda, kambare alipopiga hodi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa kambare wa kawaida, mweusi, mwenye sharubu, na alikuwa amepanda kutoka mto Tana kwa kujikokota na mapezi yake.

"Nimekuja kwa ajili ya jeraha," alisema.

"Karibu. Uniwie radhi, nyumba ina vumbi."

Jeraha lilikuwa la mamba. Bomba la kijiji chao, nje kidogo ya Garsen, lilikuwa kavu mwaka wa pili sasa, na wanawake waliteka maji mtoni. Zahanati ilimpa vidonge vya maumivu, ikamwambia arudi dawa zikifika.

Kambare alijilaza juu ya shavu la mguu, akajisugua polepole toka kichwa hadi mkia, akaacha ute mzito wa baridi. Maumivu yakapungua. Sarah akamtilia maji kwenye beseni ili apumzike. Humo akakaa mpaka jua likapoa, akimpa habari za upande wa juu wa mto: mifereji ya Bura ilivyojaa mchanga, maji yalivyoshuka Hola. Tangu mumewe afariki na mwanawe Ishmael ahamie Madogo, hakuna aliyewahi kukaa nyumbani humo hadi chai ikapoa.

Alikuja kila siku. Siku ya tisa jeraha lilikuwa limefumba, limebaki na kigaga chembamba. Asubuhi yake Sarah alichukua kijiko akakikwangua hadi damu ikatoka.

Kambare alilitazama. "Hili umelitonesha mwenyewe, mama."

"Nilijigonga."

Kambare alipaka ute, akaondoka bila kuingia kwenye beseni.

Habari zilienea. Akaja Binti, jirani yake, mkono umefungwa leso, kisha wanawake wengine saba. Wote waliumwa na mamba pale pale pa kutekea. Walikaa ukumbini kwa Sarah, kambare akawahudumia mmoja mmoja, na kila aliyepakwa akajifunga kanga akaenda zake.

Mwishowe alifika afisa wa maji kutoka Hola, kijana nadhifu aitwaye Haroun. Alimpima kambare urefu kwa futi, akahesabu majeraha, akaandika.

"Mama, naona shida ya mamba imekwisha," alisema. "Bomba lenu tutalitoa kwenye orodha ya matengenezo. Kuna vijiji havina hata kambare."

"Lakini bado tunaumwa."

"Na mnapona," Haroun alijibu kwa upole, akafunga faili.

Mguu wa Sarah ulipona kabisa siku ya ishirini. Hapakuwa na kovu. Hata alama za meno hazikuonekana, na alipowaambia wageni wawili wa kanisani kwamba aliumwa na mamba, walitazamana.

Jumatatu iliyofuata, saa tisa, alimwona kambare akipita njiani. Alikuwa akielekea kwa mke wa Nzai, jirani mwingine aliyeumwa asubuhi ile.

"Karibu ndani," Sarah akamwita. "Beseni nimelijaza."

Kambare alisimama. "Una jeraha?"

Sarah aliutazama mguu wake. "Sina."

"Alhamdulillahi," alisema kambare, kwa adabu, akaendelea na safari.

Sarah alibaki mlangoni, mpaka alama ya majimaji aliyoiacha kambare njiani ikakauka.