Barua Iliyokuja kwa Jina la Mzee Mikidadi

Barua ya kwanza niliyowahi kujibiwa maishani ilisomwa na mtu mwingine, dukani, saa nne asubuhi, wateja wamejaa.

Msomaji alikuwa Mzee Mikidadi mwenyewe, mwenye duka la vitambaa nililokuwa nafanyia kazi pale Mpanda mjini. Alisoma kwa sauti kwa sababu bahasha ilikuwa na jina lake, na alipenda watu wajue kwamba anaandikiwa barua kutoka Tabora. Mimi nilikuwa nyuma ya majora ya vitambaa, nimekaa chini napiga lupindo, ule mkunjo wa pindoni mwa gauni. Nilipolisikia neno la kwanza nilijua ni barua yangu.

Nieleze ilivyofika hapo.

Kwetu ni Kasansa. Baba yangu Malale alihamia huko na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Tulisafiri tukichunga, miezi mingi, na tulipofika, shule nilikuwa nimeiacha nyuma nikiwa darasa la tano. Nikafikisha miaka kumi na tisa, baba akamwomba Mzee Mikidadi, aliyekuwa akimuuzia nguo siku zote, anichukue nisaidie dukani. Nikaja Mpanda, nikalala nyumbani kwake mtaa wa Nsemulwa, asubuhi nafagia duka, mchana namsaidia fundi.

Fundi alikuwa Rafaeli, Mfipa mwembamba aliyekaa na cherehani barazani mbele ya duka. Kwake nilijifunza kushona. Mwanzo alinipa vifungo, halafu lupindo, halafu mikono ya magauni. Mwaka wa pili nilikuwa nakata kola bila karatasi ya mfano, kwa macho tu. Wateja wakiisifia kola, Rafaeli anasema ahsante, na mimi nyuma ya majora nacheka peke yangu. Sikuwa na kinyongo. Nilikuwa natamani tu kusema ahsante mimi mwenyewe.

Lakini sikuweza. Mteja akiniuliza bei, macho yangu yanaenda chini. Mzee Mikidadi akiniita, najibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii. Nilijiona ni mtu wa ng'ombe, mtu wa darasa la tano, mtu ambaye akifungua mdomo watacheka jinsi anavyotamka.

Mwaka tisini na sita, mwezi wa sita, Rafaeli akatangaza kwamba mwisho wa mwezi wa nane anarudi kwao Sumbawanga. Kiti cha barazani kitabaki wazi. Mzee Mikidadi akasema atatafuta fundi, na asipopata hapa ataagiza Tabora aje na treni. Hakunitazama aliposema. Kwa nini angenitazama? Nilikitaka kile kiti kuliko kitu chochote, na nilijua sitakipata kwa kunyamaza.

Rafiki yangu mmoja tu alijua, Goreth, aliyekuwa anapika kwenye hoteli ya jirani.

"Mwandikie mtaalamu," aliniambia. "Wapo. Unamweleza shida zako, anakujibu."

"Wewe ulishaandika?"

"Niliandika. Anwani niliikuta kwenye gazeti la kufungia maandazi."

"Akajibu nini?"

Goreth akaniletea jibu lenyewe. Lilikuwa karatasi ya kupigwa chapa: Ndugu mteja, tatizo lako tumeliona. Chini yake orodha ya pete na mafuta ya bahati.

"Wewe ulimwandikia nini?" nikauliza.

"Kwamba mama wa kambo hanipendi."

"Na pete inahusu nini?"

"Labda nimvalishe," akasema Goreth, tukacheka hadi tukafukuzwa jikoni.

Siku ile niliamua namna ya mtu ninayemtaka. Asiwe anauza kitu. Ajibu barua yangu, siyo ya kila mtu. Na awe mbali, nisije kukutana naye sokoni.

Nilimpata kwenye redio. Jumapili alasiri Mama Zuhra, mke wa Mzee Mikidadi, alikuwa akifungua redio na kuchambua mchele mbele yake, na mimi nikimsaidia. Kulikuwa na mama mmoja wa Tabora anaitwa Pelagia, mshauri, anajibu barua za vijana. Nilimsikiliza wiki nne kabla ya kumwamini. Kilichonivuta ni siku aliyosoma barua ya kijana mmoja, akasema: "Hili sijui. Nipe wiki moja nifikirie." Wiki iliyofuata akamjibu. Nilijisemea, mtu anayeweza kusema sijui mbele ya redio nzima, huyo ndiye. Akasema pia kwamba asiyetaka kusomwa redioni aandike hivyo, atajibiwa kwa posta. Nikaandika anwani kwenye kiganja kwa chaki ya fundi.

Barua niliiandika siku tatu, kurasa nne. Nilimweleza kila kitu: majora ninayojificha nyuma yake, kola, kiti, ulimi unaokauka nikimwona mwenye duka. Nikaomba nisisomwe redioni.

Hapo ndipo nilipokosea, na wala sikujua kama nimekosea. Kwetu Kasansa barua zote zinatoka kwa baba. Hata mama yangu akiwaandikia ndugu zake, juu linawekwa jina la Malale, na mwisho tunamalizia, ni sisi wa hapa nyumbani. Mtoto wa kike kuweka jina lake juu ya karatasi wakati mwenye mji yupo ni sawa na kukalia kigoda chake. Mpanda mimi nilikuwa nyumbani kwa Mzee Mikidadi, na sanduku la posta lilikuwa lake. Basi juu nikaandika kwa heshima zote: Mikidadi Salumu, S.L.P., Mpanda. Chini nikaandika: ni mimi wa hapa nyumbani. Goreth akaipeleka posta.

Zilipita wiki nne. Jibu likaja na treni, likaingia kwenye sanduku la Mzee.

"Ndugu Mikidadi," akasoma, na miwani kaishusha puani. "Barua yako nimeisoma mara mbili. Pole sana, na hongera kwa kuandika."

"Pole ya nini?" Mama Zuhra akauliza toka kwenye mizani ya vifungo.

"Ngoja, mama, nasoma. Unasema kwamba wateja wakiingia dukani unajificha nyuma ya majora ya vitambaa."

Halafu mteja mmoja, mfugaji anayeitwa Manyanda aliyekuja kununua shuka, akapasuka kicheko.

"Nani anajificha?" Mzee akasema. "Mimi?" Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Unasema ukitaka kuzungumza na mwenye duka ulimi unakauka, na ukiota unamwona kama simba aliyevaa kofia. Mwenye duka ni mimi!"

"Baba Zuhra," mkewe akasema huku akijishika mbavu, "kumbe unajiogopa na hukuniambia?"

"Mzee, pole na wewe," akasema Manyanda. "Simba anaogopa simba!"

Mimi nyuma ya majora nilikuwa nimeuma lupindo. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini naeleza ukweli: nilicheka pia kidogo, kwa sababu Mzee Mikidadi alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita treni, na hakuna mtu Mpanda nzima ambaye angeshindwa kujificha kama yeye.

Mzee hakucheka. Aliendelea kusoma kimya, midomo ikichezacheza, mpaka akafika mahali akainua kichwa. "Mtu anayeweza kukata kola bila karatasi ya mfano si mtu mdogo," akasoma polepole. Akageuka barazani. "Rafaeli! Njoo hapa!"

Rafaeli akaingia na tepu shingoni.

"Umeandika barua kwa jina langu?"

"Mimi? Mzee, mimi naogopa nini mpaka niandike barua?"

"Kola anakata nani hapa?"

Rafaeli akageuza macho kwenye majora.

"Miaka sita nimekukalisha barazani kwangu," Mzee akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, jambo baya zaidi. "Unaona unaondoka, basi uniache kichekesho. Jina langu, sanduku langu. Usingoje mwisho wa mwezi. Kusanya mikasi yako uende leo."

"Mzee, wallahi si mimi!"

"Tangu lini Mkatoliki anaapa wallahi?" akasema Manyanda, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Zuhra alikuwa ameichukua karatasi. Yeye alisoma hadi mwisho, na mwisho akausoma kwa sauti, siyo kwa kutania, kama vile anamsomea mtu aliye pale. "Usiningoje mimi nikupe ujasiri kwa posta. Barua zangu zinachelewa, na kiti hakitakungoja. Ujasiri wa kuandika kurasa nne kwa mtu usiyemjua unao tayari, nimeuona. Siku utakayoipata barua hii, siku hiyo hiyo, simama mbele ya mwenye duka useme kazi gani umefanya kwa mikono yako. Sema jambo moja tu, la kweli. Ukitetemeka, sema huku unatetemeka."

Barua niliipata siku hiyo hiyo. Mbele yangu kulikuwa na mtu anafukuzwa kwa ajili yangu.

Nikasimama. "Barua ni yangu," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Rafaeli alikuwa anajitetea na Mzee anamkatiza. Nikatoka nyuma ya majora, nikapita mbele ya Manyanda, nikafika kaunta na lupindo bado mkononi.

"Barua ni yangu mimi."

Wote wakanitazama. Nikaliweka lupindo juu ya kaunta.

"Wewe Kija?" Mzee akasema. "Wewe unajua kuongea?"

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Kwa nini umeweka jina langu?"

"Kwetu barua haitoki kwa mtoto. Inatoka kwa mwenye mji. Hapa mwenye mji ni wewe."

Manyanda akapiga meza. "Kweli kabisa! Mzee, huyu ni binti wa kwetu, amekuheshimu. Hata mimi mke wangu akiandika barua, nimeandika mimi."

"Hata usipojua kilichomo?" Mzee akamuuliza.

"Hasa nisipojua!"

Nikaona Mzee anapigana na midomo yake isicheke. Nikajua nikinyamaza hapo yatapita, nitasamehewa, nitarudi kwenye lupindo. Kwa hiyo sikunyamaza.

"Gauni alilovaa Mama Zuhra nimelishona mimi," nikasema. "Nimelikata mimi. Na kola zote za tangu mwaka jana ni zangu. Fundi akiondoka, nakiomba kile kiti."

Mama Zuhra akajishika kola. Alikuwa amelisifia gauni lile mtaa mzima.

"Rafaeli," Mzee akasema, "ni kweli?"

Rafaeli alitazama mikasi yake. Angeweza kukataa. "Kola ni zake," akasema. "Mikono pia. Na kiuno."

"Na wewe ulishona nini?"

"Nilipokea pesa, Mzee."

Sasa walicheka wote, na Rafaeli akaja kusimama karibu yangu kama mtu aliyetua mzigo.

Mzee Mikidadi akavua miwani, akaifuta na kanzu. "Kiti changu sikigawi kwa barua," akasema. "Wala kwa huruma. Fundi wa barazani anapima watu mbele za watu, anataja namba kwa sauti, mwingine anaandika. Anayenong'ona anashona nguo ya mtu mwingine. Haya, nipime kanzu. Hapa hapa. Nikikusikia na nikikuamini, tutazungumza."

Haikuwa heshima mimi kumshika Mzee, kwa hiyo Mama Zuhra alimzungushia tepu na mimi nikawa nasoma. Rafaeli akachukua daftari. Ilikuwa ajabu: miaka miwili yeye ndiye aliyetaja na mimi niliandika.

"Urefu, inchi hamsini na sita," nikasema.

"Sijasikia," akasema Mzee.

"Hamsini na sita!"

"Mabega?"

"Ishirini!"

Watu wa nje walianza kuchungulia. Goreth alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Namba zilinisaidia, kwa sababu namba hazina lafudhi ya kuchekwa. Ni zile zile Kasansa na Tabora. Kifua nikataja, mkono nikataja, na kila moja ilitoka kubwa kuliko iliyotangulia. Tukafika tumboni. Mama Zuhra akazungusha tepu, Mzee akavuta pumzi na kuibana.

"Andikeni arobaini," akasema kwa sauti ndogo, akinitazama mimi.

Nilimwelewa. Duka zima lilikuwa linasikiliza, na alikuwa ameshachekwa vya kutosha asubuhi ile. Kija wa jana angesema arobaini, na kanzu ingembana Ijumaa msikitini, na ingekuwa kazi mbaya yenye jina langu.

"Mzee, pumua kwanza," nikasema.

Akapumua. Tepu ikateleza kwenye vidole vya mkewe.

"Arobaini na nne," nikataja.

"Binti, nimesema ngapi?"

"Umesema arobaini, Mzee. Lakini kanzu itavaliwa na wewe, haitavaliwa na arobaini. Nitaiachia ishuke toka mabegani, tumbo halitaonekana. Fundi, andika arobaini na nne."

Rafaeli hakuandika. Alimtazama Mzee. Mzee alinitazama mimi, muda mrefu, na sikushusha macho. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba yake yana rangi ya kahawia.

"Andika alivyosema fundi," Mzee Mikidadi akamwambia Rafaeli. Kisha akanikabidhi barua yangu, akawageukia wateja kwa ile sauti yake ya kuita treni. "Na nyie mnangoja nini? Anayetaka kupimwa apange mstari, fundi yuko hapa!"

Manyanda, ambaye alikuja kununua shuka tu, akawa wa kwanza kupanga.