Fundo Juu ya Fundo

Wewe uliyeinamia simu, usijifanye hukumwona. Mama aliyepita kando ya kiti chako ndiye anayetunza majoho ya mahafali ya chuo hiki. Wanafunzi humwita Bibi Joho. Ulimwona, ukageuza uso kama ulivyougeuza mwaka juzi.

Asubuhi hii msajili alimkuta stoo, kwenye harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo, akipiga pasi joho la mwisho. Akafunga mlango. Hakupandisha sauti. Alisema kamba za manjano za shingoni, za waliofaulu daraja la kwanza, ni nane, ya tisa haipo, na mtoto wa mwenyekiti wa baraza hawezi kupanda jukwaani shingo tupu mbele ya baba yake. Basi binti wa fundi viatu avuliwe yake. Kwenye kijitabu cha mahafali jina lake limeandikwa "kwa heshima ya juu", lakini msomaji wa majina atayaruka maneno hayo.

"Akiuliza?"

"Mwambie ni kosa la mchapaji. Wewe mtu mzima, mama. Mkataba wako si uko mezani kwangu?"

Mwaka juzi alitumwa hivyo hivyo, akatii. Kijana aliyevuliwa alicheka kidogo, akasema asante, na tangu hapo Bibi Joho akikunja kamba zile vidole vyake hufa ganzi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa mnyonge hunyongwa, kisha mtoto wa mkubwa huvishwa haki yake.

Alimkuta binti kwenye foleni kando ya ukuta wa ukumbi, kofia imemkaa upande, wenzake wakimtania kwamba kamba nzuri namna ile wangefungia mbuzi. Bibi Joho alinyoosha mkono. Mkono ukagoma.

"Nimevaa vibaya, bibi?"

"Wamenituma nikuvue," alinong'ona. "Nikudanganye ni kosa la mchapaji. Si kosa, mwanangu. Alama zako nimezisoma ubaoni kwa macho yangu."

Utani ukakatika. Binti aliishika kamba kwa mikono miwili, akauliza kama baba yake ameshakaa. Ameshakaa, safu ya tatu, miguuni viatu alivyojishonea mwenyewe.

"Basi ifunge, bibi. Isifunguke."

Bibi Joho akapiga fundo, na juu yake fundo jingine, akijua anayefungwa hapo ni yeye.

Msajili ameona. Anashuka ngazi za jukwaa sasa hivi, mkasi mkononi, anawatabasamia wapiga picha. Foleni nzima inatazama chini. Bibi Joho amesimama mbele ya binti peke yake, na hatua zilizobaki hazifiki kumi.

Weka simu chini. Simama, useme kamba ni yake. Usingoje mwenzako aanze, naye anakungoja wewe. Simama.