Nyumba Isiyong'oka

Mtu akishindwa kumwambia ndugu yake neno usoni, hulificha kwenye kazi. Ndivyo alivyofanya Ame, seremala wa Mkunazini, na bora angelitapika tu.

Kaka yake aitwaye Nahodha, baba mmoja mama mbalimbali, alirudi kutoka masomoni Ulaya na mchezo wake: askari wa plastiki wasiozidi kidole gumba, anaowapiganisha mezani na rafiki zake kwa kurusha dadu. Akamwita Ame nyumbani kwake Kiembe Samaki, akamtaka amtengenezee meza ya vita, yenye kingo, vilima, na kijiji cha pwani. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila nyumba isimame kwa vijiti vinavyoingia kwenye matundu, ili ikipigwa bomu ing'olewe.

Nahodha huyo huyo alikuwa keshapatana na watu wa hoteli kuwauzia kiwanja cha Matemwe, alichoandikiwa na marehemu baba yao. Na juu ya kiwanja kile amekaa Bi Mwanakhamis, mama yake Ame, hana pengine pa kwenda. Ame mwenyewe hulala karakanani.

Basi Ame akaijenga Matemwe. Vilima alivichonga kwa lile povu gumu linalofungiwa mafriji, akavipaka gundi na kuvinyunyizia mchanga uliochekechwa. Baharini akachomeka vijiti vya kuchokolea meno, akavifunga uzi, likawa shamba la mwani la mama. Nyumba ya mama akaiezeka kwa makumbi ya nazi, akaitilia na jiko la uani. Nyumba nyengine zote alizitia vijiti. Ile moja akaigandisha. Alitaka kaka yake aiguse, imshinde, aingiwe na haya. Maskini, alidhani haya inaambukiza.

Meza ilipofika, Nahodha aliizunguka kwa furaha, akikitambua kila kitu: msikiti, kisima, njia ya kuteremkia pwani. Ame akapata matumaini. Kisha Nahodha akaanza kujaribu nyumba. Ya kwanza ikang'oka, ya pili ikang'oka. Ile ya makumbi ikagoma.

"Hii mbona haitoki?"

"Hiyo nyumba ya mama, kaka. Nakuomba uiwache."

Nahodha hakukasirika, na laiti angekasirika. Alitabasamu.

"Nshaijua tangu mlangoni. Toa patasi."

Ame akatoa patasi, akampa. Nahodha hakuipokea.

"Ing'oe wewe. Mie ntaiharibu meza."

Mkono usioweza kuukata, ubusu, na Ame aliubusu. Alipitisha patasi chini ya ukuta taratibu, akichelea kukwaruza mchanga. Nyumba ikatoka nzima, na pale ilipokuwa pakabaki kovu jeupe. Hapo ndipo ufundi wake ulipomsaliti, kwani hakuweza kuliacha kovu lile vile vile. Akapaka gundi, akanyunyiza mchanga, akapuliza. Ungeapa hapajapata kukaa mtu.

Nahodha alipitisha kiganja juu yake, akaridhika. Ame alisimama na nyumba ya mama yake mkononi, asijue aiweke wapi.

"Hata alama hakuna," Nahodha akasema. "Wale wa hoteli wanataka kiwanja kitupu, na wavunjaji wa siku hizi wanavunja ovyo. Jumaatatu nenda wewe. Mama yako akikuona, atafungua mlango."