Vimwezi vya Mkono wa Kulia

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko ilivyosikika ukielezwa. Nadège alikaa kwenye chumba cha kompyuta pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kiti cha tatu kutoka dirishani, akasoma maoni ya watu asiowajua na kuyapanga katika mafungu matatu: anapenda, hapendi, hajali. Basi, ndiyo hiyo. Kampuni fulani ya ng'ambo ilitaka kujua watu wanasema nini juu ya bidhaa zinazotoka, na kwa kuwa Nadège alisomea Bukavu na Kifaransa chake kilikuwa cha darasani kweli kweli, alipewa Wafaransa, Wabelgiji na wale wa Kebeki kule Kanada. Wiki iliyopita zilikuwa mashine za kahawa. Wiki hii, lo, ilikuwa bunduki.

"Bunduki?" alimuuliza Kirezi, msimamizi wa chumba, dada Mnyarwanda asiyependa maswali.

"Bunduki. Ya kuwindia. Iko mupya, wameitangaza juzi, hata ku maduka haiyafika bado. Soma, panga, usitie roho yako ndani."

Usitie roho yako ndani! Kamwambia nani? Huyu Nadège, katika wiki ya mashine za kahawa, alikwisha kumwoza mjane mmoja wa Liège kwa fundi bomba wa Lyon, na wenyewe hawana habari. Kila aliyemsoma alimpa nyumba, mke, mbwa, na mvua ya kunyesha nje ya dirisha. Ndivyo alivyoumbwa. Alasiri joto lilipokaa juu ya mabati na feni ikazunguka kwa uvivu, macho yake yaliendelea kusoma, naye mwenyewe akaenda zake mbali.

Na hawa wapenzi wa bunduki, asikudanganye mtu, walikuwa watamu kusoma. Alitarajia watu wa kutisha. Akakuta wanaume wazima wenye haya za bwana harusi. Mmoja alisifu mbao za kitako, mti wa jozi, akakiri kwamba aliitazama picha mpaka mkewe akamwita mezani mara tatu. Mwingine alilalamikia bei, akalalamikia uzito, akalalamikia rangi, halafu mwisho akaandika: naitaka. Wengine walibishana kama ilifaa bunduki ya mwindaji ijipakie yenyewe risasi inayofuata, mtu akibaki na kazi ya kuvuta kidole tu kila mlio. Wazee walisema huo ni uvivu, vijana wakawacheka. Mzee mmoja hakubishana. Alieleza bunduki ya marehemu baba yake, na ukungu wa alfajiri, na swala mkubwa aliyewatazama usoni wakashindwa kumpiga, wakarudi nyumbani mikono mitupu wakicheka njia nzima.

Nadège akamtia kwenye anapenda, kisha akabaki ndani ya ukungu ule dakika nzima. Bunduki alizozijua yeye hazikuwa na ukungu wala baba wa mtu. Zilikuwa mlango unaopigwa teke na mama anayesema lala chini, lala chini. Ajabu ni kwamba humu, kati ya maneno haya ya mapenzi, hazikumtisha. Zilipita mbele yake msituni polepole, zimelala mabegani, na majani ya rangi ya chungwa yakiziangukia.

Lakini kilichowapagawisha wengi kilikuwa jambo moja dogo. Mtengenezaji alitangaza kwamba bunduki hii mpya inaweza kugeuzwa itupe ganda la risasi upande wa kushoto. Ee bwana, watu wa mashoto walipagawa! Hatimaye wametukumbuka, waliandika. Miaka yote tunateswa. Kumbe bunduki karibu zote hutupa ganda kuliani, na mtu anayelenga kwa bega la kushoto, ganda linamrukia mwenyewe, la moto, likamnasia kwenye mkunjo wa mkono wa kulia. Mmoja wa milima ya Ardennes akaandika: "Mimi nina vimwezi vitatu, hapo ndani ya kiwiko. Mdomo wa ganda unachoma alama ya nusu duara, haitoki maisha. Kila mtu wa mashoto aliyepiga sana anavyo. Haya, nionyesheni vyenu!"

Wakamwonyesha. Picha ishirini, thelathini, mikono myeupe yenye nywele, na katika kila mkunjo vialama vidogo, vimepinda, vimeng'aa. Walifurahi kama watoto waliogundua kwamba wote wameng'oka jino.

Nadège aliacha kupanga. Mumewe, Wilondja, alikuwa navyo vinne.

Tena palepale. Mkono wa kulia, ndani ya kiwiko, viwili vimekaribiana na viwili vimeachana. Wilondja ni mtu wa mashoto. Anakata nyanya kwa kushoto, anaandika kwa kushoto, anageuza mandazi kwa kushoto pale sokoni, jirani na wauza mkaa. Alipomuuliza zamani alisema ni mafuta ya mandazi, na nani angeshangaa, mkaanga mandazi kuungua? Ila mandazi alijifunza kukaanga hapahapa Dzaleka, mwaka wa pili wa ndoa yao. Vimwezi alikuja navyo. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na Nadège hakuwahi kuifanya kwa miaka kumi na mmoja, maana alivipenda vile vialama. Alikuwa na mazoea ya kuvigusa kimoja kimoja kabla ya kupata usingizi.

Iliuma. Si hasira; hasira ingekuwa afadhali. Iliuma kwa sababu mara moja alimwona akiwa kijana mwembamba, ganda la moto limemnasa mkononi, na hakuna wa kumpulizia.

Na hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa walikuwa na miadi ya mahojiano Lilongwe, ile ya mwisho, ya kwenda Kanada. Walikuwa wameingoja kwa miaka tisa. Na katika maswali yote kulikuwa na moja ambalo kambi nzima inalijua: wewe, au mwenzi wako, mliwahi kubeba silaha? Ukisema ndiyo, faili inawekwa pembeni kuchunguzwa, na wapo waliowekwa pembeni wakaota mvi.

Watu wa Dzaleka hawaendi kwenye maswali hayo kichwa kichwa. Wanakaa chini mke na mume, wanaulizana, hata kama kila neno ni kweli, kwa sababu ukweli nao ukiogopa unajichanganya. Nadège na Wilondja walikuwa wameulizana mara nyingi mpaka majibu yakawa kama sala.

Jumatano jioni, jua bado lipo, waliketi kizingitini na sahani ya nsima katikati.

"Mulango ya nyumba ya Bukavu, rangi gani?" aliuliza Nadège.

"Buluu. Chini ilichubuka."

"Siku ya ndoa, mvua ilinyesha?"

"Kidogo, ya ku mangaribi. Tukaficha gâteau ya arusi chini ya meza."

"Mulibebaka silaha?"

Hapa ndipo Wilondja alipokuwa na desturi ya kusimama kutazama moto, au kuita kuku, au kukumbuka kwamba ndoo haina maji. Nadège aliliona hilo leo tu, jamani, leo kwa mara ya kwanza. Lakini jioni ile hakusimama. Alishika tonge mkononi, akamtazama mkewe, midomo imefunguka kidogo. Alikuwa anakuja. Neno lilikuwa limefika mlangoni kabisa.

"Hapana," alisema Nadège upesi, akamjibia. "Hapana, hapana, tuendelee. Batoto wa dada yako ni wangapi?"

Wilondja akala lile tonge. "Bane," akasema, akionyesha vidole vinne.

Mbona ulimziba mdomo, mwanamke wewe? Hilo alijiuliza siku mbili nzima, akitembea kana kwamba ardhi imewekewa magodoro. Alijijibu kwamba anamlinda. Kisichosemwa hakiwezi kuandikwa, na kisichoandikwa hakisimamishi ndege. Kazini alisoma maoni mengine mia nane, na usingizini wale wawindaji wa Ubelgiji walipita uani kwake wamekunja mikono ya mashati, wakamwomba mandazi, Wilondja akawapa, wote wakilinganisha vimwezi na kucheka. Katika ndoto ile hakuna aliyekuwa amekufa. Aliamka akiwa na furaha, na furaha ile ikamwogopesha kuliko kitu chochote.

Ijumaa wakafika Lilongwe mapema. Wakaitwa mmoja mmoja, yeye kwanza. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoteremka puani, na kando yake mkalimani wa Kiswahili. Mlango buluu. Mvua ya magharibi. Silaha?

"Hapana," akasema Nadège. "Bwana yangu hajabeba hata fimbo."

Lilitoka laini kabisa. Kisha akatoka nje kukaa kwenye benchi, Wilondja akaingia. Waendesha kabaza walipita barabarani na abiria wao nyuma ya baiskeli, na yeye akaanza kuwaza makoti. Angenunua koti jekundu. Wilondja angelalamikia bei.

Wilondja alikaa ndani saa mbili. Alipotoka, mkono wa shati lake, wa kulia, ulikuwa umekunjwa mpaka juu ya kiwiko.

Alikaa. Akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Sheri, mupenzi wangu, kuko kitu nilikufichaka," akasema. "Juzi nilitaka kukuambia, nikashindwa. Leo nimebaambia. Nilikuwa na miaka kumi na tano, natoka ku masomo, watu wa bunduki wakatuchukua barabarani sisi batatu. Miaka mbili nilibeba. Halafu nikakimbia. Hii si mafuta, sheri. Sikutaka uende ng'ambo na mutu humujui."

Nadège alimshika goti. Alitaka kusema mambo mengi ya upendo, na yaliyotoka ni haya tu:

"Wilondja, miye nimesema hapana."

"We si hukujua."

"Nilijua. Tangu siku ya Jumanne. Nilisema uongo, bwana yangu."

Masikini ya Mungu, kila mmoja alikuwa amembebea mwenzake mzigo, na mizigo yenyewe ikagongana mlangoni. Wilondja aliufunika uso kwa mkono wa kushoto. Kabla hajasema kitu, mkalimani alichungulia nje na kumwita Nadège peke yake.

Ndani, afisa alikuwa na faili mbili mbele yake, zimefunguliwa kwenye ukurasa uleule.

"Mama, kuna jibu moja halipatani na la mume wako," mkalimani alimfasiria. "Anasema usiogope, mambo kama haya hutokea. Anataka kujua kitu kimoja. Wewe ulijua? Kwa sababu kama hukujua, hukudanganya. Faili yako inaweza kutenganishwa na ya mume wako. Ya kwake itachunguzwa, na hakuna anayeweza kusema mpaka lini. Ya kwako itaendelea."

Nadège aliliona koti jekundu. Aliliona likining'inia kwenye msumari katika chumba chenye dirisha la vioo viwili, na nje kweupe, kimya, wala hakuna mtu anayepiga mlango teke. Angeweza kusema hapana, tena isingekuwa uongo mkubwa. Miaka kumi na mmoja hakujua. Siku tatu alijua. Mtu mwingine yeyote angezisamehe siku tatu.

Ila chumba kile kilikuwa na kitanda cha mtu mmoja, na bila vimwezi vya kugusa usingizi angeutafutia wapi? Na aliona aibu. Mume wake alikuwa amefungua mdomo kizingitini, na aliyeufunga ni yeye.

"Nilijua," akasema.

Afisa alivua miwani. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya ndoa. Nilimuona mukono, nikajua mutu niliyemupata."

Mkalimani alisita, akamtazama, kama vile anampa nafasi ya kulirudisha. Nadège hakulirudisha. Basi likafasiriwa, na afisa akaandika kwa muda mrefu sana. Kisha akazifunga faili zote mbili, akaziweka moja juu ya nyingine, akazipitishia utepe.

"Basi mtangoja pamoja," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili chake mwenyewe, kibovu, bila mkalimani.

Nje, Wilondja alikuwa amesimama. Aliposikia alilolisema mkewe alianza kutikisa kichwa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Lakini hukujua, sheri! Siku ya ndoa hukujua kitu!"

"Sikuuliza," alisema Nadège. "Haya, twende, basi za Dowa za kurudi kambini zinajaa mapema."

Akamshika mkono, ule wa kulia, wakashika njia ya kituoni bila haraka. Walipokuwa wanavuka barabara akamuuliza wale wawili wengine waliochukuliwa naye walikuwa wanaitwa nani, na Wilondja akamtajia jina la kwanza, kisha akamtajia la pili.