Nati ya Juu Kwanza

Saa moja na robo asubuhi gari la porini lilikuwa limepandishwa juu ya stendi nne, na mpira mwembamba wa kupumulia difu ya nyuma, lile bonge la meno linalozungusha magurudumu, ulikuwa unaning'inia, umechomoka. Fundi aliuona kabla hajatandika boksi la kulalia.

"Jana ulivuka mto," alisema.

Dereva, mdogo wa mumewe, alicheka. "Siku hizi unapiga ramli, shemeji?"

"Maji yalifika wapi?"

"Mlangoni. Lakini oil nimebadilisha juzi tu."

"Ya injini. Difu ina yake, na maji yameingia pale mpira ulipochomoka. Ukila wewe, mimi nashiba?"

Adhuhuri dereva alipaswa kuvuka tena, amlete mama yake, aliyekuwa na miadi ya kupasuliwa jicho kesho yake. Wingu lilishatanda milimani. Difu yenye maji ikisaga meno yake ng'ambo, mama angebaki huko na jicho lake.

Fundi alijilaza chali chini ya gari, akajaribu nati ya juu, ya kujazia. Haikutikisika. Kutu ilikuwa imeikumbatia.

Dereva alishaingiza spana kwenye ya chini. "Tumwage kwanza. Hiyo tutahangaika nayo baadaye."

"Ukishamwaga utajazia wapi? Puani?"

"Muda unakwenda!"

"Sasa hivi gari lina oil mbovu, lakini linatembea. Tukimwaga na hii ikagoma, tuna banda la kuku. Weka spana chini, baba."

Akaiweka.

Fundi aliirowesha nati kwa dawa ya kutu, akaigonga kwa nyundo kuizunguka, akavika spana bomba refu. Kisha akakaza.

"Unakaza tena? Shemeji!"

"Kidogo tu. Kutu inavunjwa kwa kushtukizwa."

Akageuza upande wa pili. Nati ikalia *ka!* ikazunguka.

Ndipo akafungua ya chini. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hii ndiyo nimetembelea?" dereva aliuliza, sauti imeshuka.

"Hiyo hiyo."

Fundi alifunga chini, akajaza oil mpya mpaka ikachuruzika kwenye mdomo wa tundu la juu, akafunga. Mpira wa kupumulia aliurudisha, akaubana kwa klipu. Difu ya mbele na gia boksi alizipima pia: safi.

Saa tano gari lilitoka. Saa kumi lilirudi, matope hadi madirishani. Mama mkwe alishuka mwenyewe, akaomba maji ya kunawa.